HOFU IKIVAA NGUO ZA IMANI (Sehemu ya 4)

Akina baba mnaosoma kimya kimya kwenye simu za wake zenu, karibuni. Na wale wa dini nyingine mnaonifuata hapa, kaeni tu, haya ya leo yanatuhusu wote.

Sehemu iliyopita tuliongelea begi la kujifungulia. Leo tuongelee kitu ambacho hakikai kwenye begi lakini kila mama anakuja nacho: hofu. Ndiyo mnayoniandikia zaidi pembeni. Mmoja anaogopa kupasuliwa. Mwingine anaogopa kupima. Mwingine anasema, "Nesi, mimi nawaogopa nyie wenyewe." Na mara nyingi ujumbe unaishia hivi: "Lakini nimemwachia Mungu."

Hapo kwenye "nimemwachia Mungu" ndipo ninapotaka tukae leo.

Msinielewe vibaya, mimi ni Mkristo na naomba. Naomba kwenye daladala nikienda zamu ya usiku, naomba nikinawa mikono. Lakini kwa miaka niliyokaa wodi ya wazazi nimejifunza kwamba maneno hayo yana sura mbili. Kuna mama anayemwachia Mungu na miguu yake inatembea: anakuja kliniki, anameza dawa zake, anakubali kulazwa. Na kuna mama anayemwachia Mungu na miguu imeganda nyumbani. Wa kwanza ana imani. Wa pili, jamani, ana hofu, ila ameivalisha nguo za imani ili isitambulike. Nasema hivi kwa upendo kabisa.

Tukiwa chuo tulifundishwa kwamba mama akipoteza maisha kwenye uzazi, mara nyingi kuna kuchelewa kwa aina tatu. Kuchelewa kuamua. Kuchelewa kufika. Kuchelewa kuhudumiwa akishafika. La pili ni barabara, usafiri na hela. La tatu ni letu sisi wahudumu, na sikwepi: kuna vituo vina upungufu, na kuna wenzetu wenye lugha kali, mama akikaripiwa mara moja harudi tena. Hilo ni kosa na lazima lisemwe. Lakini kuchelewa kwa kwanza kunatokea nyumbani, sebuleni, mama akiwa na mume wake, mama mkwe, na pengine watu wa maombi. Na pale ndipo hofu inapokuwa na sauti kubwa kuliko wote.

"Mimi ni mwanamke wa Kiebrania"

Hili mnalijua. Mama anaambiwa mtoto amekaa vibaya au njia ni ndogo, atapasuliwa. Anajibu: "Sipokei! Mimi ni mwanamke wa Kiebrania, sizai kwa kisu." Na kuna wanaoungana naye kulikemea pepo la oparesheni.

Hebu tufungue hiyo Kutoka sura ya 1 vizuri. Yale maneno kwamba wanawake wa Kiebrania hujifungua haraka kabla mkunga hajafika, nani aliyasema? Waliyasema wakunga wawili, Shifra na Pua, mbele ya Farao aliyetaka watoto wa kiume wauawe. Walikuwa wanajitetea ili watoto wapone. Haikuwa ahadi ya Mungu kwamba binti zake hawatahitaji msaada. Tena Biblia inasema Mungu aliwatendea mema wakunga wale, kwa sababu walimcha Yeye na wakaokoa watoto. Kwa hiyo mstari tunaoutumia kumkimbia mkunga ni mstari ambao Mungu anambariki mkunga!

Halafu nenda Mwanzo 35. Raheli, mke wa Yakobo, mwanamke wa uzao huo huo. Alipata uchungu njiani karibu na Efrathi, uzazi ukawa mgumu. Mkunga alikuwa pembeni yake, akamwambia asiogope. Mtoto akatoka, Benyamini. Raheli akafa.

Nimesoma sura hiyo mara nyingi nikiwa nimechoka baada ya zamu. Mume wake alikuwa mtu wa ahadi. Yeye mwenyewe Mungu alishamsikia akapata Yusufu. Na bado. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba mama aliyefariki leba alikosa imani. Na mtu asikwambie kwamba ukiwa na imani huwezi kupata shida. Mungu hajatupa mkataba wa namna hiyo. Alichotupa ni kwamba hatatuacha peke yetu ndani ya shida. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mama anayeyachanganya anafika hospitali akiwa na hofu mara mbili: hofu ya kisu, na hofu kwamba Mungu amemkasirikia.

Mama yake Musa alitumia lami

Kama unataka mwanamke wa Kiebrania wa kumuiga, muige yule mama wa Kutoka sura ya 2. Amejifungua mtoto wa kiume wakati Farao anaua watoto wa kiume. Waebrania 11 inawasifu yeye na mumewe kwa imani, kwamba hawakuiogopa amri ya mfalme. Sasa angalia imani yao ilifanya nini. Walimficha mtoto miezi mitatu. Iliposhindikana, mama akatengeneza kisafina cha manyasi, akakiziba kwa lami maji yasiingie. Hakukitupa katikati ya mto, alikiweka kwenye majani ukingoni. Na akawa na binti yake amesimama mbali kidogo anaangalia.

Imani ile ilikuwa na lami, ilichagua mahali, na ilikuwa na mtu wa kufuatilia. Alipomaliza sehemu yake yote, ndipo akamwachia Mungu mto.

Hiyo ndiyo "kumwachia Mungu" ninayoielewa mimi. Lami yako wewe ni kliniki, vidonge vya damu, kupima presha, nauli uliyoweka pembeni. Kisafina kisicho na lami kinazama hata kama aliyekitengeneza anaomba.

Tumeshaona mbali kuliko hapa

Wa rika langu mnakumbuka 2011. Kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kikombe cha Babu. Shilingi 500. Nchi nzima ilielekea kule, na majirani zetu kutoka Kenya pia. Foleni za magari zikawa za kilomita nyingi, watu wakalala njiani kwa siku kadhaa. Kuna wagonjwa waliotolewa wodini wakapelekwa, na wapo waliofia kwenye foleni. Na kuna waliokuwa kwenye ARV wakaacha dawa baada ya kunywa.

Babu alifariki 2021, simsemi marehemu, na siwacheki waliokwenda. Wengi walikuwa wazazi wenye watoto wagonjwa, wamezunguka kote, wamechoka. Mtu mwenye hofu akisikia kuna njia moja fupi, rahisi, isiyo na sindano wala foleni ya kila mwezi, ataikimbilia. Ndivyo hofu inavyofanya kazi: inatafuta njia fupi, kisha inaiita imani.

Leo kikombe kimebadilika sura tu. Ni maji, mafuta, au tamko la "umepona, acha dawa." Mama mwenye VVU anayenyonyesha akiacha dawa kwa tamko hilo, anayebeba gharama ni mtoto. Bila matibabu yoyote, kati ya watoto 100 wa akina mama wenye VVU, 15 mpaka 45 wanaweza kuambukizwa. Mama akitumia dawa vizuri, inashuka chini ya 5. Mimi nikiangalia kidonge kile naona rehema za Mungu, sioni kushindwa kwa imani. Ombewa, mpendwa wangu, pakwa na mafuta ukitaka. Lakini usiku ukifika, meza dawa yako.

Hofu ina jina, itaje

Kuna mama mmoja, mimba ya pili, presha imepanda sana, daktari anasema alazwe na pengine apasuliwe. Akakataa. Anataka kurudi kwanza Mbagala "akaombewe." Nikakaa naye pembeni ya kitanda, nikamuuliza, "Mama, ukifumba macho ukafikiria oparesheni, unaona nini?" Akanyamaza. Halafu akaanza kulia. Dada yake alifariki baada ya upasuaji miaka ya nyuma, akaacha mtoto. Alichokuwa anakiona ni mtoto wake mkubwa akilelewa na mama mwingine.

Unaona? Wala haikuwa habari ya maombi. Ilikuwa kaburi la dada yake. Tulipolitaja kaburi lile, tukaanza kuongea vitu vinavyoeleweka. Nikamwambia kwamba kwa hali nyingi siku hizi mama hapewi nusu kaputi, anachomwa ganzi mgongoni, anakuwa macho na anamsikia mtoto akilia. Nikamwambia presha ya mimba ikiachwa inaweza kuleta kifafa cha mimba, na kwamba kwenda nyumbani nako ni hatari, tena kubwa zaidi. Mume wake akaja, wakashikana mikono wakaomba pale pale kitandani, nikawavutia pazia. Akasaini fomu huku mkono unatetemeka.

Mkono ulitetemeka, mama zangu. Hofu haikuondoka. Aliingia nayo chumba cha upasuaji, akatoka na binti yake, wote wazima. Hata Bwana Yesu pale Gethsemane alihuzunika mpaka jasho likawa kama matone ya damu, na hakuna anayethubutu kusema alikosa imani. Aliomba, kisha akasimama akaenda. Ujasiri wa Kikristo ninaouona wodini ni huo: kutetemeka huku unasogea.

Kwa hiyo nawaachia kipimo kimoja. Ukishaomba, jiulize: maombi haya yananisogeza kuelekea msaada au yananipeleka mbali nao? Yakikupa nguvu ya kwenda, hiyo ni imani. Yakikupa sababu ya kubaki nyumbani wakati damu inatoka, hiyo ni hofu, hata kama ina jina la Yesu mdomoni.

Na dalili za kutokusubiri hata ibada iishe ni hizi: damu kutoka ukeni, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au nyota nyota, uso na mikono kuvimba, tumbo kuuma sana, mtoto kupunguza kucheza, chupa kupasuka kabla ya wakati, homa kali, degedege. Usiku ukikukuta huko Chamazi au Bunju huna usafiri, piga 115, m-mama, ni bure. Omba ukiwa njiani. Mungu anasikia hata ndani ya bajaji.

Neno kwa wachungaji na vikundi vya maombi: nawaheshimu, na tunawahitaji. Mama anayeombewa na kanisa lake anakuja ametulia, na mama aliyetulia tunamsaidia vizuri zaidi. Lakini mkishamwombea, mmoja wenu amsindikize kliniki. Mwingine achangie damu. Mwingine abaki na watoto wake nyumbani. Dada yake Musa hakuishia kuomba, alisimama pale mtoni akaangalia.

Mwaka 2015/16 utafiti wa taifa ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 ukaonyesha 104. Nyuma ya namba hizo kuna wakunga, dawa, damu, magari, na akina mama walioamua kuwahi. Nami naamini kuna mkono wa Mungu humo, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofanya tangu enzi za Shifra na Pua: anapotaka kuokoa watoto, anatumia watu walioko karibu na kitanda.

Na hao 104 bado ni wengi. Ni mama zetu.

Mama unayesoma hapa na umeandikiwa kulazwa wiki hii, ukasema utaangalia kwanza: nimekuombea kabla sijabonyeza kutuma. Sasa chukua begi lako, mpigie mume wako, nenda. Ukifika mwambie nesi, "Naogopa." Hilo ni neno zuri tu kuanzia.

Sehemu ya 5 tutaongea na akina baba: kazi yako ni ipi mke wako akiwa leba. Mtumie mwenzio.