Kabla ya kufunga rejeta ya oili, pogolea kwanza pikipiki yako

Msimu wa kubeba ufuta ukianza huku Mtama, vijana wa bodaboda hunisimamisha njiani. Hawaniulizi mbegu wala dawa. Wananiuliza: "Afisa, nifunge rejeta ya oili?"

Wana haki ya kuuliza. Ukipanda Rondo na abiria na gunia, gia ya pili karibu njia nzima, ukifika juu injini imelegea na joto linakuchoma mguu. Ukienda dukani unaonyeshwa kirejeta cha alumini chenye mipira miwili, unaambiwa ukifunga hiki mbele ya injini mambo yamekwisha.

Msimamo wangu nausema mapema. Kwa pikipiki za CC 125 na 150 zinazopozwa kwa hewa, ambazo ndizo nyingi kwetu, wengi wenu hamhitaji kifaa hicho. Pesa hiyo ina kazi nyingine.

Nasema hivi kwa sababu nililipia somo. Pikipiki ninayotumia ni ya serikali, na kitu cha umma hakifungwi kifaa bila kibali. Mimi nilifunga. Fundi alichukua oili kwenye njia inayopanda kwenye kichwa cha silinda, akaipitisha kwenye rejeta kwa mipira ya kawaida. Mwezi mmoja nilijiona mjanja. Siku moja nikiwa napanda mlima mpira ulipasuka, oili ikamwagika yote, na kabla sijagundua injini ilikuwa imenoki. Ilikuwa wakati wa kupuliza salfa. Mkulima mmoja aliyekuwa amenipigia simu kwamba maua ya mikorosho yake yameanza kuwa na unga mweupe nilimfikia baada ya siku tisa. Ubwiri unga haungoji siku tisa. Gharama ya injini nililipa mwenyewe, lakini maua yale sikuweza kuyalipa.

Tuelewane injini inavyopoa. Injini zetu hupoteza joto kwa njia mbili kubwa: mapezi ya silinda yanayopigwa na upepo, na oili inayobeba joto kutoka ndani. Oili yenyewe ni kama lita moja tu, na pampu ni ndogo. Ukiongeza mipira mirefu na rejeta, pampu ile ile inasukuma oili safari ndefu zaidi, na kila kiungo ni mahali papya pa kuvuja. Halafu rejeta nayo inahitaji upepo. Kwenye mchanga mzito, spidi 15, upepo uko wapi? Pale unapoihitaji zaidi ndipo inaposaidia kidogo.

Dukani utakuta namna tatu. Ya kwanza ni rejeta yenye mipira, niliyoieleza. Ya pili ina feni ndogo ya umeme. Hiyo husaidia hata ukienda polepole, lakini inakula betri, na feni ikijaa vumbi inasimama bila kukuambia. Ya tatu ni mfuniko wa injini wenye mapezi ya ziada. Huo hauna mipira, hatari yake ni ndogo, na msaada wake pia ni mdogo.

Kuna watakaonijibu kwamba Apache RTR 160 4V inatoka kiwandani na rejeta ya oili. Ni kweli. Hata Suzuki GSX-R750 ya mwaka 1985 ilitegemea sana oili kupoza injini badala ya maji. Lakini hizo zilichorwa hivyo tangu mwanzo: pampu, njia za oili na kiasi cha oili vyote vimepangwa pamoja. Kubandika kifaa kwenye injini ambayo haikupangiwa ni jambo jingine.

Wakulima wangu wa korosho watanielewa haraka. Mkorosho uliosongamana matawi, hewa haipiti, ugonjwa unakaa. Mwenye akili anapogolea kwanza, ndipo anazungumza habari ya dawa. Pikipiki nayo ipogolee hivi:

1. Fungua njia ya upepo. Toa turubai, mpira mpana na madumu uliyofunga mbele ya injini. Osha tope na mafuta yaliyoganda kwenye mapezi. Osha injini ikiwa imepoa. Maji baridi kwenye injini ya moto yanaweza kupasua chuma.

2. Angalia oili kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima, siyo imeegemea stendi ya pembeni. Ikipungua, joto linapanda.

3. Nunua oili sahihi. Tazama kwenye kitabu cha pikipiki. Kwa nyingi ni 20W-50. Tafuta alama ya JASO MA au MA2 kwenye kopo, maana oili hiyo hiyo inalowesha klachi. Baadhi ya oili za magari huifanya klachi iteleze, na klachi inayoteleza nayo inazalisha joto.

4. Mwaga oili mapema. Mimi kwa mchanga wetu na mzigo namwaga kila kilomita 1,500. Oili chafu usiimwage shambani wala karibu na kisima. Weka kwenye dumu, mpelekee fundi.

5. Acha kubana kabureta ili kuokoa petroli. Hewa ikizidi na petroli ikipungua, injini inachemka. Kagua pia kama hewa inaingia pembeni kwenye mpira wa kabureta, na kama chujio la hewa limetoboka.

6. Sukuma pikipiki ikiwa imezimwa. Ikiwa nzito, pengine breki inashika, cheni imekaza mno au tairi halina upepo. Injini inavuta mzigo usiolipiwa nauli.

7. Punguza mzigo. Mishikaki mlimani ni joto, tena ni hatari kwa roho za watu. Panda kwa gia ndogo, na ukifika juu pumzisha injini dakika kumi.

Nani basi afunge rejeta? Mwenye pikipiki ambayo kiwanda chake kimeacha sehemu maalumu ya kuunganishia, anayekimbia lami mchana kutwa na mzigo, na ambaye amefanya yote saba bado injini inachemka. Huyo atumie mipira ya oili yenye nyuzi za chuma, aongeze oili ya kujaza rejeta, na akague viungo kila siku. Kwa safari fupi za asubuhi hafaidiki: oili isiyopata moto wa kutosha inabaki na unyevu, inageuka nyeupe kama uji.

Kwa kijana aliye kwenye mkataba, injini ikinoki hesabu ya siku haisimami. Mwenye pikipiki bado anaisubiri jioni. Kwa hiyo chukua bei ya ile rejeta, igawe kwa bei ya lita moja ya oili nzuri, uone ni mara ngapi ungemwaga oili. Ukishapata jibu, anza na namba moja hapo juu, leo jioni, kwa ndoo ya maji na brashi.