Mzee na pikipiki yake: nani atamwambia ashuke?

Mama hana kawaida ya kunipigia simu saa za kazi. Kwa hiyo aliponipigia Jumanne saa nne asubuhi, nikiwa kwenye semina ya waandishi katikati ya Jiji la Arusha, nilitoka ukumbini haraka nikijua kuna jambo.

"Baba yenu amegonga nguzo ya geti na pikipiki," akasema. "Hajaumia. Lakini hii ni mara ya pili mwezi huu, na ile ya kwanza alinificha. Njoo uongee naye. Wewe ndiye unayeandika mambo ya afya, labda atakusikiliza."

Baba ana miaka 69. Amekuwa juu ya pikipiki tangu mwaka 1981. Kwenye ukurasa huu nimewahi kuandika kuhusu chanjo, lishe na homa za watoto, lakini sijawahi kuandika namna ya kumwambia mzazi aliyekulea kwa kazi ya pikipiki kwamba sasa ashuke. Wiki hii naandika, maana najua wasomaji wengi mna watoto wadogo upande mmoja na wazazi wenye umri upande wa pili, na wote wawili wanapanda pikipiki.

Mlio uliokuwa saa yetu

Baba alikuwa bwana shamba. Alipoajiriwa, ofisi ilimpa Yamaha ya zamani, zile za kuchanganya petroli na oili, zinazoacha moshi wa bluu nyuma. Kwa pikipiki hiyo alizunguka vijiji vya kahawa na migomba upande wa mashariki wa Mlima Meru: Akeri, Nkoaranga, Poli, hadi Leguruki na King'ori, na mara mojamoja Ngarenanyuki kule kwenye vumbi.

Ilikuwa miaka michache tu baada ya Vita vya Kagera. Petroli ilikuwa ya foleni na tairi jipya halikupatikana kirahisi. Tairi likichanika hulitupi, unaweka kipande cha tairi kuukuu kwa ndani, unajaza upepo, unaendelea na safari. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya mlimani ikishuka, alikuwa anapanga gazeti kifuani ndani ya koti ili kuzuia upepo. Huwa ananitania kwamba magazeti yalimfaa yeye kabla hayajanifaa mimi.

Akianza kusimulia hamalizi. Atakutajia Honda ndogo ya C70 ya mchungaji, ambayo ilikuwa haina klachi ya mkononi, ukibadilisha gia kwa mguu tu inakubali. Hiyo ni ya ukoo wa Super Cub, pikipiki ambayo Honda waliitoa mwaka 1958, na hadi kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100 duniani.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 akanunua yake mwenyewe, Honda CG125 nyekundu iliyokwishatumika. Hiyo ndiyo niliyokua nayo. Jioni tulikuwa tunausikia mlio wake ikiwa bado iko kwenye kona ya chini, kabla hata mbwa hajainuka. Mama anabandika chai, sisi tunakimbilia getini. Saa ya ukutani ilikuwepo, ila aliyetuambia jioni imefika ni ile Honda.

Baba anaijua pikipiki hiyo kama wengine wanavyomjua ng'ombe wao. Anasema Honda waliitoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambazo barabara ni mbovu na fundi yuko mbali, kwa hiyo waliifanya injini iwe nyepesi kufungua na ngumu kufa. Ndiyo maana viwanda vya China viliiga injini hiyo, na pikipiki nyingi za bodaboda tunazoziona leo Kilombero, Sanawari au Tengeru zina injini ya ukoo huohuo. "Hawa vijana wanaendesha wajukuu wa pikipiki yangu," husema, kisha hulalamika kwamba hawajui kukaza cheni.

Tulichokuwa hatukioni

Kuna picha moja nyumbani ambayo tunaipenda sana. Baba yuko kwenye usukani. Mimi nimekaa mbele yake juu ya tanki, nikiwa na miaka kama minne. Mama yuko nyuma na mdogo wangu mgongoni. Watu wanne, pikipiki moja, kofia ngumu hakuna. Wakati huo sisi tuliita kwenda kanisani. Siku hizi tunaita mshikaki.

Kwa miaka mingi niliiangalia picha hiyo kwa furaha tu. Sasa nikiiangalia naona pia jambo lingine: kufika kwetu salama kila Jumapili hakumaanishi kwamba safari ile ilikuwa salama.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka mitano hadi 29. Jirani zetu wa Hospitali ya KCMC, Moshi, wameonyesha katika tafiti zao kuwa ajali za barabarani, na hasa za pikipiki, ndizo chanzo kikubwa cha majeraha ya kichwa wanayoyapokea.

Kofia ngumu husaidia, na hili si suala la maoni. Uchambuzi wa tafiti nyingi ulioenea sana duniani ulionyesha kuwa inapunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa takriban asilimia 42, na uwezekano wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Lakini lazima iwe inakutosha na mkanda uwe umefungwa kidevuni. Iliyoning'inizwa kwenye mkono wa pikipiki hailindi kichwa cha mtu.

Kwa watoto, jambo ni gumu zaidi. Kofia ya mtu mzima kwenye kichwa cha mtoto huzunguka na kumziba macho. Miguu yake haifiki pa kukanyagia, na akisinzia hana nguvu ya kujishika. Ndiyo maana kanuni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki hapa nchini zinakataza kupakia mtoto aliye chini ya miaka tisa. Najua hali halisi ya asubuhi ya shule, maana na mimi naishi hapahapa Arusha. Lakini wazazi watatu wa mtaa mmoja wakichangia Bajaji, au wakipanga zamu ya kuwasindikiza watoto kwa miguu, tayari watakuwa wamewashusha watoto kadhaa kwenye mshikaki.

Mazungumzo chini ya mparachichi

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Nilimkuta baba chini ya mparachichi anaosha Honda yake kwa kitambaa, kama kila Jumamosi. Kwenye ubavu wa kulia kulikuwa na mchubuko mpya, na taa ya kugeuzia ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Umetumwa."

Nilikiri kwamba nimetumwa. Lakini sikuanza na ufunguo. Nilikuwa nimeshajifunza kutoka kwa wauguzi ninaowahoji kwamba ukianza na hukumu, mgonjwa anafunga mlango. Nikachukua kigoda, nikamuuliza swali moja tu: "Baba, usiku taa za magari unazionaje?"

Akanyamaza, akaendelea kufuta tanki. Kisha akasema, "Zinatawanyika. Kama jua likipiga kwenye maji."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Mbona hukusema?"

Akaacha kufuta. "Nikisema sioni vizuri, mtachukua ufunguo. Mkichukua ufunguo, mimi nitakuwa mzee wa kukaa uani."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoelewa. Kwa mwaka mzima baba alikuwa anaogopa kitu kikubwa kuliko ajali. Na sisi watoto, kwa kumtania kila mara kwamba "mzee uza hilo chuma", ndio tuliomfundisha kuficha.

Nilimwambia kwamba sikuja kuchukua ufunguo, nilikuja kumwomba twende tukapime macho, na tukitoka huko uamuzi utakuwa wake. Alitaka kujua kama nitaandika gazetini. Nikamwambia nitaandika bila jina. Akacheka kidogo.

Kliniki ilisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia likiwa limezidi. Ni hali ya lenzi ya jicho kuingia ukungu polepole, na ndiyo inayoongoza kwa kusababisha upofu duniani, ingawa inatibika. Daktari hutoa lenzi yenye ukungu na kuweka ya bandia. Kwa kawaida jicho hutiwa ganzi tu, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Ila daktari alikuwa wazi: hadi atibiwe, asiendeshe.

Tulipofika nyumbani, baba alitoa ufunguo mfukoni. Hakunipa mimi. Alimpa mama. "Mshahara wangu ulikuwa unaushika wewe," akamwambia, "shika na hiki."

Usichukue ufunguo ukaondoka

Nilidhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Wiki mbili zilizofuata baba hakutoka. Hakwenda kwenye kikao cha wakulima, hakwenda kwa rafiki yake wa Poli, na mama akaniambia anakula kidogo.

Kumbe hili linajulikana. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kuwa wazee walioacha kuendesha magari walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kupata dalili za sonona. Kwa baba zetu wa Meru chombo ni kingine, lakini kinachopotea ni kilekile: kwenda unakotaka, saa unayotaka, bila kuomba.

Kwa hiyo tulikaa kama familia. Tukapata kijana mmoja wa bodaboda tunayemfahamu, mtulivu, awe anampeleka kwa siku maalumu. Nikanunua kofia ngumu inayomtosha. Kijana anasema abiria huyu ni mgumu: yuko nyuma, lakini kila kona anasikia sauti sikioni, "Punguza gia kabla ya kona, mwanangu, si ndani ya kona." Na mjukuu wa miaka 14 sasa ana darasa kila Jumamosi: kusafisha plagi, kufungua kabureta, kukaza cheni. Injini ikiwa imezimwa.

Kama una mzazi anayeendesha pikipiki, angalia mambo haya. Ana michubuko mipya asiyoieleza? Ameacha kutoka jioni bila kusema sababu? Analalamikia mwanga wa taa? Miguu yake ina ganzi, hasa kama ana kisukari? Ukimwita kutoka nyuma hasikii? Anapata kizunguzungu akisimama, labda kwa sababu ya dawa za presha? Dawa nyingine, zikiwemo baadhi za mafua na mzio, huleta usingizi, kwa hiyo muulize mfamasia kabla mzee hajashika usukani. Dalili moja haimaanishi auze pikipiki kesho. Inamaanisha apimwe wiki hii.

Na mnapoongea, msimkalie kikao cha watu kumi. Aende mmoja. Mwanze na kusikiliza, na muwe na jibu la swali atakalowauliza: "Sasa nitaendaje?"

Jicho la kulia la baba limeshafanyiwa upasuaji na linaendelea vizuri. La kushoto linasubiri zamu. Daktari akimruhusu tena, makubaliano yetu yameandikwa kwenye daftari la mama: mchana tu, mwisho saa kumi na moja jioni, njia za ndani, si barabara kuu ya Moshi, kofia ngumu kila safari, na hakuna kupakia mjukuu. Asiporuhusiwa, ufunguo utabaki kwa mama, na Honda itabaki chini ya mparachichi. Baba alisoma kila kipengele, akataka "saa kumi na moja" iwe "saa kumi na mbili". Mama akakataa.

Jumamosi iliyopita aliomba ufunguo aiwashe palepale uani, injini isigande. Akapiga kiki mara tatu, ikawaka. Mama alikuwa jikoni. Nilimwona akiinuka bila kufikiri, akabandika chai.

Wiki hii mpigie mzazi wako. Baada ya salamu, muulize taa za usiku anazionaje. Kisha nyamaza, umsikilize.