Eti satelaiti si mambo yetu?

Wadau, juzi kijiweni hapa Singida mjini msomi mmoja alinikera. Eti satelaiti ni mambo ya Wazungu, sisi tuhangaike na alizeti. Nikamwuliza: utabiri wa mvua ya hiyo alizeti unategemea nini? Kimya!

Meteosat za kizazi cha pili, ya kwanza ikirushwa 2002, zilitengenezwa kupiga picha Afrika na Ulaya kila dakika 15. Ili zihisi joto la mawingu, vihisio vyake hupozwa hadi karibu nyuzi 180 chini ya sifuri. Bila feni! Huko hakuna hewa, joto hutoka kwa mnururisho tu. Hujaribiwa kwanza hapa duniani, ndani ya chumba kilichoondolewa hewa.

Sasa jiulizeni: usiku wa Julai, mbingu haina wingu, mbona Singida tunavaa makoti? Ardhi nayo inamwaga joto lake angani kwa njia hiyo hiyo! Maabara iko juu ya vichwa vyetu, lakini wengi tulikariri mnururisho kwa ajili ya mtihani, kipimajoto hatukukishika.

Wakenya walipata Taifa-1 yao Aprili 2023. Sisi tuendelee kupiga soga kijiweni? Mnasemaje?