Jamaa na Vijana: Usiku mumoja chini ya Kahuzi



Mama mumoja wa upande wa machimbo ametuandikia barua fupi. Mutoto wake wa kiume ana miaka 17 na anaimba mu kwaya. Vijana wa kwaya wamepatana kwamba, siku njia itakuwa salama, watapanda mpaka Bukavu, kisha watakwenda kulala usiku mumoja mu Parke ya Kahuzi-Biega na kupanda mulima. Mama anauliza hivi: «Kwetu pori ni fasi ya kukimbilia wakati wa vita, ao fasi ya kutafutia koltani. Sasa watoto wanataka kulipa feza ili walale mu pori. Ile ni akili gani?»

Mama, sitakucheka. Na mimi niliuliza vile. Acha nikuelezee.

Ilikuwa mwaka 1989, wakati inchi ilikuwa inaitwa Zaire. Tulikuwa vijana 14 wa parokia. Tulitoka Bukavu mbele jua halijatoka, juu ya kamio ya mufanya biashara mumoja, tukapita Kavumu mpaka Miti. Pale tukashuka, tukakamata kwa miguu ile barabara yenye kwenda Bunyakiri na Walikale. Pande zote mbili ni mashamba: chai, migomba, miti ya kinini. Kisha pori linaanza gafula, sawa vile mutu amefunga mulango nyuma yako. Pale ni Tshivanga, kwenye walinzi wa parke wanakaa. Bukavu iko karibu metre 1,500 juu ya bahari, lakini Tshivanga inapita metre 2,000. Mwenye hakuleta koti, analijua saa ile ile.

Walituonyesha fasi ya kusimamisha hema. Walikuwa wametuambia mbele: mulete makala yenu. Sisi tukasema, nani anaweza kubeba makala kwenda mu pori? Si kama kupeleka maji ku ziwa? Basi magaribi nikakamata mupanga, nikakata mianzi ya mubichi, nikaiweka chini ya sufuria ya muchele. Ilitoa moshi tu, watu wote wakalia machozi. Kisha ikapasuka kama risasi. Sufuria ikaruka, muchele wote ukamwangika mu majani. Wasichana wakakimbia, na mimi nikakimbia kuwapita.

Muzee mumoja akakuja na taa. Alikuwa Mutwa, mwenye kazi ya kufuata nyayo za gorila. Hakupiga kelele. Alitazama mianzi, akasema: «Mutoto wangu, hii njo chakula ya gorila. Muvua ikianza, wanatafutaka paka ile michanga yenye kutoka mu udongo. Weye umekata chakula ya mutu, na weye mwenyewe haukukula.»

Kisha akatuletea viazi vitamu vya kuchoma. Tukakaa karibu na moto wake. Baridi ilikuwa kali, na wadudu wa usiku wanaimba pande zote. Akatuuliza tulilipa ngapi. Tukamwambia. Akanyamaza kidogo, akaonyesha giza kwa mukono: «Miye nilizaliwa kule juu. Baba yangu alizikwa kule. Hakuna mutu alikuwa anatulipisha kwa kulala.»

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa vijana, tulikuja kucheza.

Asubui tukatembea tena kwa barabara, kisha mulinzi akatuingiza mu njia ya mulima. Kahuzi ina metre 3,308. Ndugu yake Biega ina 2,790. Yote miwili ni volkano zilizozimika zamani sana. Kwanza unapita chini ya miti mikubwa yenye ndevu. Kisha mianzi, yenye kukaribiana mpaka unatembea sawa mu nyumba. Kisha miti inapunguka, inabaki vichaka, majani na mawe, na upepo. Gorila hatukuona siku ile. Tuliona vitanda vyao vya majani na mavi ya asubui. Lakini pale juu mawingu yalifunguka kidogo, tukaona ziwa Kivu lote, na vijiji, na moshi wa mapishi. Rafiki yangu mumoja, mwenye kuzoea kusema sana, alikaa juu ya jiwe na hakusema neno nusu saa. Mimi nilijua pale kwa mara ya kwanza kwamba maji tunayochota chini yanakuwa na fasi yanapotoka.

Sasa, mama, nikuambie yaliyofuata, kwa sababu vijana wanapashwa kuyajua mbele ya kufunga mizigo.

Parke ilifanywa mwaka 1970, na mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka kilometre za mraba 6,000 hivi. Ilifanywa juu ya gorila wa aina ya Grauer, wenye hawapatikane fasi ingine ya dunia, ni mashariki ya Kongo tu. Ni jambo kubwa. Lakini Batwa wenye waliishi mule walitolewa mu miaka ile ya 1970 bila kupewa udongo mwingine. Ndiyo ile muzee alikuwa anatuambia. Mwaka 1980 UNESCO ikaiandika kati ya mali ya dunia yote. Mwaka 1997, kwa ajili ya vita, ikaiandika kati ya zile zilizo mu hatari. Tembo wa upande wa juu waliuawa karibu wote mu miaka ile. Gorila wengi vilevile.

Kisha ikakuja koltani. Mwaka 2000 bei ilipanda mpaka watu wakawa kama walevi. Walimu waliacha chaki. Mudogo wangu mwenyewe aliingia mu parke upande wa chini, kuchimba. Alikaa miezi saba. Aliniambia kisha: hakuna mutu alibeba chakula, sababu nyama ilikuwa mu pori. Mwaka 2001 bei ikaanguka. Alirudia na redio moja, kikohozi, na deni. Yeye na mimi tulilala mu pori lile lile. Mimi nililipa ili nilale usiku mumoja, nikarudia na kitu ninachokumbuka mpaka leo. Yeye alikwenda ili alipwe, akarudia bila kitu. Sisemi vile kwa kuhukumu wachimbaji. Gazeti hili linasomwa mu nyumba zao, na watoto wao wanasoma kwa feza ya shimo. Ninasema ili kijana ajue kwamba pori linaweza kuwa kitu kingine.

Na Batwa je? Mwaka 2018 wamoja wao walirudia kwa nguvu mu udongo wa wazee wao. Miti ilikatwa, makala ikachomwa, bunduki zikasikilika, watu wakakufa, Batwa na walinzi. Mwaka 2024 ikatangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu: serikali ilivunja haki za Batwa, na inapashwa kutengeneza. Kutangaza ni siku moja, kutengeneza ni kazi ya miaka.

Kwa hiyo jibu langu, mama, ni hili: mutoto aende, lakini si kesho. Mwezi wa pili mwaka 2025 vita ilifika Kavumu na Bukavu. Mutu asiondoke kwa kusikia tu «njia ni muzuri». Muulize wakaaji wa Miti wenyewe, na walinzi wa parke, na wasimamizi wa kanisa wa kule. Kama mumoja wao anasita, mubaki nyumbani. Mulima hauhame.

Na siku njia itafunguka, vijana, mushike haya:

Mubebe makala, ao jiko la petroli, na chakula chenu chote. Musikate hata mwanzi mumoja. Koti, bulangeti, viatu vya kufunga, na shitingi ya muvua, hata mu kiangazi.

Mwenye mafua ao kikohozi asiende kutazama gorila. Magonjwa yetu yanawaua. Watoto wa chini ya miaka 15 hawaruhusiwe kwenda kwao. Musikaribie, musikimbie, musikilize mwongozi.

Takataka zote zirudie na ninyi mu mufuko.

Na la mwisho, lenye halikuandikwa ku ubao wa parke: pale kwenye mutafika, muulize nani ni Mutwa. Mukae naye karibu na moto. Mumupe chumvi ao sabuni kwa heshima, si kama mwombaji, na mumuulize majina ya miti. Mumusikilize mpaka amalize.

Yule muzee sikumuona tena. Nilirudia Tshivanga miaka mingi nyuma, nikaambiwa amekufa. Niliuliza alizikwa wapi. Hakuzikwa kule juu karibu na baba yake. Walimuzika kando ya barabara.

Mama, mutoto wako akirudia, musimuulize tu kama aliona gorila. Mumuulize alizungumuza na nani.