Usinipendekezee, Niazime

Tarehe 7 Oktoba 2021 simu yangu ilianza kulia mchana na haikunyamaza mpaka usiku. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa ametangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na kundi letu la WhatsApp la wapenda vitabu, watu 31, karibu wote wakazi wa Dar es Salaam, lilikuwa limeshikwa na wazimu wa furaha. "Lazima msome Paradise." "Anzeni na By the Sea." "Mimi nasema Desertion, halafu mje mniambie." Kufikia saa moja jioni nilikuwa nimehesabu mapendekezo 14. Ndipo dada mmoja, mwalimu wa sekondari huko Mbagala, akauliza: "Sawa wapendwa, nani anacho aniazime?"

Kimya. Mtu akatuma kikatuni kinachocheka machozi. Mwingine akatuma kiungo cha duka la Marekani, ambako nauli ya kitabu mpaka hapa ilizidi bei ya kitabu chenyewe. Hakuna aliyesema anacho.

Mimi nilikuwa nacho. Paradise kilikuwa rafu ya pili kutoka juu, kati ya kamusi na kitabu cha mapishi nilichopewa zawadi. Nilikinunua miaka miwili kabla ya siku hiyo kwa mmoja wa wauza vitabu vya mtumba wanaopanga kando ya barabara maeneo ya Posta, shilingi 5,000, baada ya kubishana sana. Na katika wale waliopendekeza nilikuwamo. Nilikuwa nimeandika aya nzima kuhusu kijana Yusuf na misafara ya bara. Nilipoliona swali la mwalimu nikaweka simu chini, nikaenda kuosha vyombo.

Nimekuja kuamini kwamba nilichokifanya jioni ile ndicho tunachokifanya wengi wetu tunaojiita wapenda vitabu, na kwamba hakistahili kuitwa mapenzi. Kumpendekezea mtu kitabu ulichonacho, ukijua kwamba hawezi kukipata kwingine kirahisi, halafu usimpe, ni kula mbele ya mwenye njaa huku ukimsifia mchuzi. Naandika kwa hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo najielekezea mwenyewe. Lakini sitawaacha nje, kwa sababu picha za rafu zenu naziona.

Naziona zimepangwa kwa rangi, za bluu huku, za njano kule, na kikombe cha kahawa kimewekwa pembeni kwa bahati mbaya ya makusudi. Naziona orodha za Desemba: vitabu 52 nilivyosoma mwaka huu, kimoja kila wiki. Hongera. Lakini orodha ile imeandikiwa nani? Unamwambia nani asome kipi, na kwa sababu gani? Orodha ya vitabu 52 haina mtu ndani yake isipokuwa aliyeiandika.

Mzee aliyeniuzia Paradise hana orodha. Ana turubai, na ukisimama mbele ya turubai lake anakuuliza, "Cha mwisho kukunyima usingizi kilikuwa kipi?" Ukishamjibu ndipo anainama kuchagua. Siku moja nilishika riwaya nene ya Kirusi, akaninyang'anya taratibu. "Hiki kichukue ukishafiwa, mama. Sasa hivi utakichosha bure na chenyewe kitakuchosha." Akakosa elfu nne zake. Yule anapendekeza. Ameniangalia mimi kwanza, kitabu baadaye, na kitabu chenyewe kipo mkononi mwake. Sisi tunafanya kinyume: tunakiangalia kitabu, tunajiangalia tukiwa nacho, na mwenzetu tunamtumia picha.

Mtu akiguswa kuhusu wingi wa vitabu asivyovisoma, siku hizi ana utetezi ulio tayari. Atakutajia Umberto Eco, Mtaliano aliyekuwa na maelfu ya vitabu nyumbani kwake Milan, na hoja iliyojengwa juu ya maktaba yake kwamba vitabu usivyovisoma vina thamani kuliko ulivyovisoma, maana vinakukumbusha usiyoyajua. Au atakutajia neno la Kijapani, tsundoku, la kurundika vitabu bila kuvisoma, kana kwamba tabia ikishapata jina la kigeni imeshasamehewa. Mimi mwenyewe nimelitumia neno hilo kwa fahari, Mungu anisamehe. Lakini Eco aliishi mjini Milan. Nakala aliyoifungia nyumbani kwake haikumzuia mkazi mwingine wa Milan kuisoma, kwa kuwa mji una maktaba na maduka ya vitabu kila upande. Huku kwetu hesabu ni nyingine kabisa. Nilikitafuta Mzingile cha Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1991, kwa muda wa miaka mitatu. Nilipokipata hatimaye, ilikuwa kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba. Inawezekana kabisa kwamba nakala yangu ndiyo pekee katika kata yetu nzima. Nikiifungia, nimewafungia wote.

Najua kufungia kunaishia wapi. Mjomba wangu alikuwa mwalimu Tanga, na sebuleni kwake kulikuwa na kabati la mninga lenye milango ya vioo na kufuli ndogo ya shaba. Ndani yake mlikuwa na Shaaban Robert, Bwana Msa wa Mohammed Said Abdulla, Shafi Adam Shafi, Kezilahabi karibu wote. Kila tulipokwenda likizo aliniita mbele ya kioo kama anayemwonyesha mgeni samaki baharini. "Mama, usife hujasoma Kichwamaji." "Nyota ya Rehema hiyo, mama, iko siku utaisoma." Nikimwomba, aliniambia nisubiri nikue. Nikakua. Akaniambia nisubiri apate muda wa kukitafuta kile alichomwazima fulani mwaka 1988 na hakikurudi mpaka leo. Hadithi ya huyo fulani niliijua kwa moyo. Ndiyo iliyoileta ile kufuli.

Alifariki mwaka 2016. Baada ya arobaini, mkaza mjomba akanipa ufunguo, akasema vyote vyangu. Kwa mbele vilisimama wima kama askari, havina hata vumbi. Nikavuta Kichwamaji. Jalada lilikuja. Nyuma ya jalada kulikuwa na udongo.

Mninga mchwa hawauwezi, lakini fundi alikuwa ameziba mgongo wa kabati kwa plaiwudi, na kabati lilikaa limeegemea ukuta miaka yote hiyo. Waliingia kwa nyuma, wakala polepole, rafu moja baada ya nyingine, wakaacha migongo ya vitabu ikitutazama. Katika vitabu zaidi ya mia mbili niliondoka na 19. Mkaza mjomba alisimama mlangoni akirudia, "Alikuwa anavipangusa kila Ijumaa." Ni kweli alivipangusa. Alipangusa ile sehemu inayoonekana kupitia kioo, na kama angekuwa amewapa watu, mmoja wao angegundua miaka kumi mapema kwamba ndani mna mchwa.

Ungedhani msiba ule ulinifundisha. Nilirudi Dar es Salaam, nikaagiza rafu za chuma.

Sasa yale mnayotaka kunijibu. Kwanza, kwamba vitabu havirudi. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na aliyewahi kumdai mtu kitabu chake anajua kuwa matanga yenyewe wakati mwingine hayaishi. Mwaka 2023 nilinunua daftari la kaunta, nikapiga mistari: jina la kitabu, jina la mtu, namba ya simu, tarehe. Tangu hapo nimeazimisha mara 64. Vilivyopotea kabisa ni tisa. Kimojawapo kiliniuma, Nagona, kwa sababu hakikosi kunikumbusha nilikuwa wapi nilipokisoma. Vile vingine vinane, nikiwa mkweli, nimelazimika kufungua daftari sasa hivi ili nivikumbuke. Mchwa wa mjomba walichukua zaidi ya 180 na hawakusoma hata ukurasa mmoja.

Na tukiwa tunahesabu, twende mpaka kwenye rafu zetu. Katika rafu yangu nimekuta vitabu sita vya watu wengine. Kimoja kina jina la mwenyewe kwa wino, na tarehe ya mwaka 2009. Kila anayelalamika kwamba alidhulumiwa kitabu namwomba akague kwake kwanza, kisha aje tuzungumze.

Pili, mwandishi. Hii ndiyo hoja nzito na sitaki kuipita kama daladala isiyo na abiria. Nakala moja ikisomwa na watu 12, mwandishi amelipwa mara moja. Vitabu vyetu vinauzwa kidogo, wachapishaji wetu wanahesabika kwa vidole, na serikali nazo hazisaidii: jirani zetu Kenya walianza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwenye vitabu mwaka 2013. Kwa nini basi niwafundishe watu kusoma bure? Jibu langu ni kwamba wale 11 wasingenunua. Mwalimu wa Mbagala akiwa na elfu 25 mkononi katikati ya mwezi, anaanza na unga. Lakini kati ya watu walioazima kwangu, wanne baadaye walinunua nakala zao za kitabu kilekile, kwa kuwa walikipenda na mimi nilikitaka changu. Mtu hanunui mwandishi asiyemjua. Na kuna vitabu ambavyo hata ukiwa na pesa hulioni duka la kukuuzia. Kwa hivyo, kuazimana hakumnyimi mwandishi senti.

Msinitajie PDF. Kusambaza kitabu kizima cha mwandishi aliye hai kwa watu 31 kwa kubofya mara moja si kuazimana, ni kuchapisha bila ruhusa. Anayeazimisha ana pengo kwenye rafu yake. Asiyepungukiwa na chochote hajatoa kitu.

Wala sisemi rafu zetu zichukue nafasi ya maktaba za umma. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967 na bado iko palepale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na tunayo haki ya kudai iwe na vitabu vipya kila mwaka. Lakini sijawahi kumwona mtu mwenye rafu saba za vitabu akienda kudai chochote pale. Aliyeshiba hana haraka ya mlo.

Nirudi kwa mwalimu. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota walitoa Peponi, tafsiri ya Paradise iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Mwalimu alikinunua, akakisoma kwa siku nne, kisha akaandika kwa kalamu ya bluu ukurasa wa mwisho: "Ukimaliza andika jina lako na mtaa wako, umpe mwingine." Kilinifikia mwaka uliofuata, jalada limelegea, ukurasa mmoja una alama ya mafuta ya taa au ya kupikia, sikuweza kujua. Kulikuwa na majina 11. Mbagala, Mbagala, Tandika, Kigamboni, Temeke, Chanika. Mtu wa Tandika alikuwa ameandika pembeni mwa ukurasa mmoja, kwa penseli, "Huyu ni baba yangu." Nilikaa na maneno hayo muda mrefu kuliko nilivyokaa na sura yenyewe. Nakala yangu ya Kiingereza, safi, ilikuwa mita mbili kutoka nilipokuwa nimekaa, na haikuwa na cha kuniambia zaidi ya kile nilichokuwa nimekisoma peke yangu.

Niliandika jina langu, la 12. Jumamosi nikapanda gari mpaka Mbagala na vitabu viwili kwenye mkoba. Mwalimu akavipokea, akaangalia Paradise, akafungua ukurasa wa kwanza nilipokuwa nimeandika jina langu na tarehe ya kukinunua, Agosti 2019. Akacheka kidogo.

"Kumbe ulikuwa nacho, dada."

Nikasema ndiyo. Hakuniuliza zaidi, akaenda kuchemsha chai, na ningefurahi kama angeuliza.

Siku hizi rafu ya pili ina pengo, kamusi imeegemea kitabu cha mapishi. Wiki iliyopita nilimpigia simu mwalimu kumkumbusha kuhusu Paradise, kwa sababu daftari limeandikwa na sheria ni sheria. Akasema kiko kwa mwanafunzi wake wa kidato cha sita, na mwanafunzi ameomba aachiwe mpaka amalize mitihani.