Wazazi Wasinyamaze Mbele ya Wakufunzi wa Marekani

Kwa zaidi ya nusu karne sasa, vyuo vikuu vya Marekani vimekuwa vikiwachukua wanariadha wa Kenya na kuwapa ufadhili wa masomo. Mike Boit alisomea Eastern New Mexico. Samson Kimobwa na Henry Rono walikwenda Washington State. Peter Rono, aliyenyakua dhahabu ya mita 1,500 mjini Seoul mwaka wa 1988, alikuwa mwanafunzi wa Mount St. Mary's, chuo kidogo katika jimbo la Maryland. Baadaye Sally Kipyego akavuma Texas Tech, na Edward Cheserek akatwaa mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon.

Wote hao ni wana wa Bonde la Ufa. Ni haki, basi, mzazi wa Maua, Nkubu, Runyenjes au Siakago kujiuliza kwa nini njia ya wakufunzi hao huelekea Eldoret, Iten na Kapsabet, na ni nadra kupindia upande wa Mlima Kenya. Jibu la haraka ni hewa ya nyanda za juu. Lakini Timau nako ni juu, na baridi yake haina mzaha. Sababu nyingine, ambayo haizungumzwi sana, ni kwamba Bonde la Ufa lina watu waliojifunza kuzungumza na wakufunzi hao ana kwa ana. Kwetu, mazungumzo hayo bado ni mageni.

Yafaa ieleweke kwamba kwa Mmarekani mazungumzo hayo si jambo dogo. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, NCAA, kimeyawekea sheria. Upo muda ambao mkufunzi anaruhusiwa kukutana na mwanafunzi au wazazi wake nje ya chuo, na upo muda ambao amekatazwa kabisa. Sheria hiyo huhesabu kuwa mkutano rasmi maongezi yoyote ya ana kwa ana yanayozidi kupeana salamu. Msomaji wa Meru atatabasamu hapa, maana kwetu salamu za mzee peke yake zaweza kumaliza chai birikani. Lakini funzo lipo: wenzetu wamekadiria uzito wa maneno hayo hata wakayapimia mipaka. Sisi tunayachukulia kuwa adabu tu za kumpokea mgeni.

Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Mtoto wetu amelelewa kutomkodolea macho mkubwa wake, kutojibu mpaka aulizwe, na kutouliza mbele ya wazazi. Hayo ni malezi mema, wala hatusemi yatupwe. Hata hivyo, mkufunzi aliyetoka Alabama au Iowa huenda akauona ukimya huo kuwa ni dalili ya kijana asiye na hamu. Mzazi naye hunyamaza kwa sababu nyingine: anahofu kwamba akiuliza sana, mgeni atakasirika na bahati itahamia kwa jirani. Hofu hiyo haina msingi. Mkufunzi hakuja kutoa sadaka. Kazi yake mwenyewe hutegemea ushindi, naye amekuja kutafuta miguu itakayomletea ushindi huo. Pande zote mbili zina haja, na wenye haja huulizana.

Je, mzazi aulize nini? Kwanza, ufadhili ni wa kiasi gani. Wengi hudhani kwamba neno ufadhili lina maana ya kila kitu. Sivyo. Kwa miaka mingi timu ya riadha ya wanaume katika daraja la juu la NCAA iliruhusiwa kutoa ufadhili kamili usiozidi 12.6, na ya wanawake 18, na mkufunzi aliweza kuugawa vipande vipande kwa wanariadha wengi. Mwaka wa 2025, baada ya mapatano ya mahakamani, vyuo vilivyoukubali mfumo mpya viliondolewa kikomo hicho, lakini vikawekewa kikomo cha idadi ya wanamichezo: 45 katika riadha ya uwanjani na 17 katika mbio za nyika. Nafasi ya kujaribu bahati imepungua, na kugawanya ufadhili bado kunaruhusiwa. Nusu ya karo ya chuo cha Marekani ni mzigo ambao kahawa, majani chai wala miraa ya familia ya kawaida haiwezi kuubeba.

Pili, ufadhili huo ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote ya masomo? Kijana akivunjika mguu atafukuzwa au atatibiwa, na kwa bima ya nani? Tatu, atakimbia mara ngapi? Huko mbio za nyika hufanyika majira ya vuli, mbio za ukumbini wakati wa baridi, na za uwanjani majira ya kuchipua. Mkufunzi anayemtumia mtoto mmoja katika misimu yote mitatu anaweza kummaliza kabla hajafikisha miaka 22. Nne, atasomea nini, na wangapi kati ya waliomtangulia katika timu hiyo wamehitimu? Majibu yote yaandikwe, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali la tano lamhusu dalali. Mahali ambapo mkufunzi hafiki, dalali hufika. Sheria za NCAA hazimruhusu mtu kulipwa fungu la thamani ya ufadhili kwa kumtafutia kijana chuo. Anayekubali masharti hayo huhatarisha haki ya mtoto ya kushindana. Mzazi akiambiwa auze shamba ili amlipe mtu atakayezungumza kwa niaba yake, na atambue kwamba hapo ameshapotezwa. Mwaka wa 2023 tuliwaona wazazi wa Uasin Gishu wakiandamana Eldoret kudai pesa walizotoa ili watoto wao wakasome Finland na Canada, ilhali mpango huo ulipitia mikononi mwa kaunti yenyewe. Ikiwa yaliwafika hao waliozoea safari hizi, sisi wageni wa njia hiyo tujihadhari mara mbili.

Wako watakaosema kwamba kijana mwenye kasi hahitaji maneno. Na wamkumbuke Henry Rono. Mwaka wa 1978, akiwa mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81. Rekodi hizo hazikumkinga na ulevi na ufukara uliomwandama ugenini kwa miaka mingi, kabla ya kurejea nyumbani mwaka wa 2019 na kufariki mwaka wa 2024. Kasi humfikisha kijana uwanja wa ndege. Yatakayompata baada ya hapo hutegemea sana yaliyokubaliwa kabla hajaondoka.

Iten ilifaulu kwa sababu ilikuwa na mwalimu katikati. Ndugu Colm O'Connell, aliyefika St. Patrick's mwaka wa 1976, aliwajua wanafunzi wake na akaaminiwa na wageni. Kaunti za Meru, Embu na Tharaka Nithi hazikosi viwanja. Kinoru kilikarabatiwa na kuandaa Madaraka Dei ya 2018. Uwanja wa Moi wa Embu ukaiandaa ya 2023. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi na familia siku mgeni anapobisha hodi. Kila kaunti na iteue walimu wachache wa michezo, iwafunze sheria hizi, na iwape jukumu la kuwaandaa vijana mapema, kwa kuwa alama za KCSE hupimwa pamoja na muda wa mbio, na anayekaa nyumbani miaka akikimbia mashindano baada ya shule anaweza kupoteza misimu yake ya chuo.

Wazee wa Njuri Ncheke hawakati shauri kabla ya kusikiliza pande zote. Wazazi nao wasimtoe mtoto wao kwa mgeni ambaye hawajamhoji. Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Mkufunzi mwema ataheshimu maswali hayo, na anayeyakimbia atakuwa ametoa jibu lake.