Bei ya Miwani Haitoki Kiwandani

Mwalimu anapokaribia umri wa miaka 45 huanza kulisogeza mbali daftari la mwanafunzi ili aweze kulisoma. Karani wa masjala hufanya vivyo hivyo na jalada lake. Hatimaye urefu wa mkono hautoshi tena, na hapo ndipo mtumishi huyo anapoingia dukani kutafuta miwani. Huonyeshwa fremu zilizopangwa katika kabati lenye taa, hupimwa macho, kisha mara nyingi hutajiwa bei moja tu kwa vitu vyote: kipimo, lenzi, fremu na kazi ya kuviunganisha. Akithubutu kuuliza kwa nini bei ni kubwa kiasi hicho, hujibiwa kwamba lenzi ni kazi ya kitaalamu.

Nusu ya jibu hilo ni kweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayomgharimu mnunuzi, na inafaa ichunguzwe kwa kuanzia mahali lenzi inapozaliwa.

Lenzi nyingi za leo si za kioo, ni za plastiki. Plastiki iliyotangulia kutumika kwa wingi, na ambayo ingali ikitumika hadi leo, ni ile iitwayo CR-39, iliyobuniwa na kampuni moja ya kemikali ya Marekani mwaka 1940. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumiwa katika matangi ya mafuta ya ndege za kivita. Mwaka 1947 ikaanza kutengenezewa lenzi za miwani. Mali ghafi yenyewe, basi, ina umri wa mtu aliyekwisha kustaafu zamani, wala hakuna siri iliyobaki ndani yake.

Kiwandani, kimiminika hicho huchanganywa na kemikali ya kukigandisha, kisha humiminwa katikati ya kalibu mbili za kioo zilizozungushiwa mkanda pembeni. Mpindo wa kalibu hizo ndio unaoamua nguvu ya lenzi. Kalibu huingizwa katika tanuri, na joto hupandishwa polepole kwa saa nyingi hadi kimiminika kiwe kigumu. Lenzi hutolewa, husafishwa na kupakwa utandu mgumu wa kuzuia mikwaruzo. Zile za bei ya juu huingizwa katika chumba kilichoondolewa hewa ili zipakwe tabaka nyembamba mno za kupunguza mng'ao. Kalibu nayo husafishwa na kurudishwa kazini. Utaalamu mkubwa uko katika kuitengeneza kalibu kwa usahihi. Kuitumia kwa mara ya mia ni kazi ya kumimina.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba lenzi zao zilisagwa kwa ajili yao peke yao. Kwa mtu mwenye kipimo cha kawaida, sivyo. Nguvu za lenzi hupanda kwa robo dayopta, na viwanda hutengeneza lenzi za kila nguvu ya kawaida kwa maelfu, zikiwa na umbo la duara, na kuzitia katika bahasha zenye namba. Fundi wa miwani huchukua bahasha yenye namba inayotakiwa, huiweka lenzi katika mashine inayoukata ukingo wake kufuata umbo la fremu, na kuhakikisha kwamba kitovu cha lenzi kinakaa mbele ya mboni ya jicho. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Yahitaji uangalifu, maana kitovu kikikaa pembeni mvaaji huchoka macho na kuumwa kichwa. Lakini ni uangalifu wa aina ile ile inayotakiwa kwa fundi saa au fundi cherehani, na hakuna aliyewahi kusikia fundi cherehani akidai mshahara wa mwezi mzima kwa kupunguza suruali.

Ziko kweli lenzi zinazosagwa kwa ajili ya mtu mmoja: za wenye namba kubwa sana, za wale ambao jicho lao limepinda isivyo kawaida, na zile zinazomwezesha mtu kuona mbali na karibu kwa lenzi moja. Hizo huanzia lenzi iliyo nusu tayari, ambayo upande wake wa mbele umekamilika, na upande wa nyuma husagwa na kung'arishwa kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Lenzi hizo kuwa ghali zaidi si ajabu wala si kosa. Kosa ni ugumu wa kutengeneza lenzi hizo kugeuzwa kisingizio cha bei ya lenzi za bahasha.

Ushahidi wa jambo hili haukutolewa na maadui wa biashara hiyo. E. Dean Butler ni mtu aliyeanzisha LensCrafters, kampuni kubwa ya maduka ya miwani ya Marekani, mwaka 1983. Mwaka 2019, akiwa amekwisha kuondoka katika kampuni hiyo, aliliambia gazeti la Los Angeles Times kwamba fremu nzuri hupatikana kwa dola 4 hadi 8. Kwamba kwa dola 15 hupatikana fremu yenye ubora wa zile zinazouzwa kwa majina ya wabunifu mashuhuri wa mavazi. Na kwamba lenzi ya daraja la kwanza hupatikana kwa dola 1.25 moja. Miwani ya namna hiyo huuzwa kwa mamia ya dola katika maduka ya Marekani. Kiasi kinachobaki kati ya bei hizo mbili hakikumiminwa katika kalibu yoyote.

Kinakwenda wapi? Sehemu yake hulipa pango, mishahara na taa za kabati. Lakini sehemu kubwa hufuata njia iliyochongwa kwa makusudi. Mwaka 1961 Leonardo Del Vecchio alianzisha katika mji mdogo wa Agordo, Italia, karakana ya vipuri vya fremu iliyoitwa Luxottica. Kampuni hiyo ilikua, na haikuridhika na kutengeneza fremu, ilinunua maduka. Mwaka 1995 iliichukua LensCrafters yenyewe, mwaka 1999 jina la Ray-Ban, mwaka 2001 maduka ya Sunglass Hut. Baada ya ununuzi huo wa mwisho, maduka hayo yalipunguza sana kununua miwani ya Oakley, mshindani aliyekuwa akiyategemea; thamani ya hisa za Oakley ikaporomoka, na mwaka 2007 Oakley naye akanunuliwa na Luxottica. Mwaka 2018 Luxottica iliungana na Essilor ya Ufaransa, mtengenezaji mkubwa wa lenzi. Mwaka 2021 waliinunua GrandVision, yenye maelfu ya maduka Ulaya na kwingineko. Mauzo ya kampuni hiyo ya muungano, EssilorLuxottica, yalizidi Euro bilioni 26 mwaka 2024. Mnunuzi wa Marekani anaweza kupimwa macho, kuchagua kati ya majina kumi ya fremu, kutiwa lenzi na kulipiwa na bima ya macho, akidhani amepita katika mikono ya washindani, kumbe mfuko uliopokea fedha ni mmoja.

Dola za kibepari zenyewe zimeona haya. Mwaka 2021 mamlaka ya ushindani ya Ufaransa iliitoza Luxottica faini ya Euro milioni 125 kwa kuwabana wauza miwani wasijipangie bei zao wenyewe. Mwaka uliofuata mamlaka hiyo hiyo iliitoza Essilor faini ya Euro milioni 81 kwa kuwawekea vikwazo wale waliouza lenzi kwa njia ya intaneti. Mtu hajengi ukuta kuzunguka bidhaa ambayo ni ghali kwa asili yake. Ukuta hujengwa pale bidhaa inapokuwa rahisi.

Wako watakaosema kwamba bila bei hizo huduma ya macho itaanguka, kwa kuwa mpimaji hulipwa kutokana na fremu. Hoja hii yafaa iheshimiwe, kwa sababu kupima macho ni taaluma ya kweli. Mpimaji mwema hatafuti namba ya miwani tu. Anaweza kugundua shinikizo la jicho, mtoto wa jicho, au madhara ya kisukari kabla mgonjwa mwenyewe hajajua. Kazi hiyo ilipwe, na ilipwe vizuri. Lakini ilipwe kwa jina lake. Kumlipa mtaalamu kwa kificho, ndani ya bei ya plastiki, ni kumgeuza mchuuzi wa fremu, na mgonjwa asiyenunua fremu huonekana mzigo.

Hoja kama hiyo ilikwisha kupimwa. Zamani majimbo kadhaa ya Marekani yalipiga marufuku matangazo ya bei za miwani, kwa madai ya kulinda ubora wa huduma. Mchumi Lee Benham, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1972 kwa kutumia takwimu za mwaka 1963, alionyesha kwamba marufuku hiyo ilipandisha bei kwa asilimia 25 hadi zaidi ya asilimia 100. Hata wasiopenda kelele za matangazo ya biashara, na wana haki yao, hawawezi kuipuuza namba hiyo. Bei iliyofichwa hupanda.

Mambo haya ya Paris na Los Angeles yanamhusu vipi mwalimu wa Dodoma? Yanamhusu kwa sababu lenzi anayovaa hutoka katika soko hilo hilo la dunia, na desturi ya kufunga gharama zote katika fungu moja husafiri pamoja nayo. Tena mahitaji yake si ya watu wachache. Uchunguzi uliofanywa wilayani Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, uliona kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye umri wa miaka 40 na zaidi walikuwa na upungufu wa uoni wa karibu uletwao na umri, na wengi mno kati yao hawakuwa na miwani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kwamba watu milioni 826 duniani wanaishi na upungufu huo bila kusaidiwa. Hasara yake hupimika: huko Assam, India, wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi waliopewa miwani ya karibu waliongeza tija kwa karibu asilimia 22 zaidi ya wenzao ambao hawakupewa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2018. Ikiwa jani la chai lataka miwani, je, insha 60 za kidato cha pili?

Na miwani hiyo ya karibu ndiyo iliyo rahisi kuliko zote. Kwa watu wengi haihitaji lenzi ya kusagwa. Hutengenezwa tayari kwa nguvu chache zinazojulikana, kuanzia 1.00 hadi karibu 3.50. Mji wa Danyang, katika jimbo la Jiangsu nchini China, hutoa lenzi kwa mamilioni na huziuza kwa yeyote anayenunua kwa wingi. Tanzania inayo Bohari ya Dawa, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1993 ili kununua dawa na vifaa tiba kwa wingi kwa ajili ya vituo vya umma. Hakuna sababu ya kiufundi ya kuizuia miwani ya kusomea isipite njia ile ile ya bandeji na sindano hadi kwenye zahanati, na bei yake ikabandikwa mlangoni.

Kwa wanaohitaji lenzi za namba maalumu, dawa ya kwanza haina gharama. Kipimo kiwe mali ya aliyepimwa. Apewe karatasi yenye namba zake, ukiwamo umbali kati ya mboni, na risiti inayotenganisha kipimo, lenzi, fremu na kazi ya fundi. Kisha awe huru kununua popote. Marekani iliweka sharti la kumkabidhi mteja namba zake mwaka 1978. Sharti hilo lilikwepwa kiasi kwamba mwaka 2024, miaka 46 baadaye, serikali ya huko iliongeza kanuni kwamba mpimaji amtake mteja atie saini kuthibitisha kuwa ameikabidhiwa karatasi yake.